Fungo wa Masese na Shemeji Yangu Kirunda

Wazee wenzangu, mmewahi kuona mnyama ananaswa mtegoni, anatoka, halafu anafunga mlango nyuma yake kama mgeni mwenye adabu?

Mimi nimeona. Masese, Jinja, Uganda, baada ya vita vya 1979.

Watu walikuwa wamekimbia. Majani yakaota mpaka madirishani. Pori likahamia mtaani, na jirani zetu wapya wakawa fungo, wale wa madoa wanaonuka kabla hawajafika.

Kuku wakaliwa. Paka wakaliwa. Akabaki sungura mmoja, wa binti yangu Rehemah.

Huyo hakuwa sungura wa mboga. Tangu mabomu yalipolipuka, Rehemah hakusema neno, hata kwa mama yake. Kwa sungura tu ndiko alikonong'ona. Nikajua, huyu akiliwa, mtoto wangu ndiyo basi.

Rafiki yangu Kirunda, fundi wa mitumbwi, akanitengenezea mtego wa mbao.

"Shemeji, humu hata chui hatoki!"

Shemeji! Nikadhani utani wa mjini.

Basi kila asubuhi mambo ni yale yale. Mukene, wale dagaa wa ziwani niliowaweka chambo, wameliwa, manyoya ya fungo yamebaki, mlango umefungwa vizuri. Fungo hayupo.

Alfajiri moja nikajibanza nyuma ya pipa. Nani huyo anakuja? Kirunda. Akainama, akafungua.

"Pole, ndugu yangu. Nenda salama."

Anamwambia fungo!

Nikaruka. "Kirunda! Huyo ni ndugu yako? Na mimi ni nani?"

Hata hakukimbia. "Fungo ni muziro wetu, Magidu. Ukoo wetu hatumuui, hatumli."

"Si ungekataa kutengeneza mtego!"

"Ungemwita askari mwenye bunduki."

Mimi Mgisu wa Mbale. Kwetu wanakuuliza kama umetahiriwa, yakaisha. Mambo ya muziro nilikuwa nayasikia kwa mbali.

Nikamfukuza. Mtego nikauhamishia nyuma ya jiko, mlango nikautengeneza ukijifunga unajikaza kwa waya. Aliyejua ni mke wangu Kagoya peke yake.

Kulipokucha, waya umekatwa. Manyoya ya fungo ndani ya mtego. Na kizimba cha sungura kimepasuliwa, damu kidogo kwenye majani.

Nikachukua panga. "Leo Kirunda atanitambua!"

Nyuma yangu ikatoka sauti ndogo, imekwaruza kama bawaba yenye kutu.

"Baba, si yeye. Mama ndiye amefungua."

Banange! Rehemah ameongea!

Nikacheka, nikalia, nikamwinua juu. Ndipo maneno yenyewe yakanifikia.

Kagoya alikuwa anakoroga uji. Hakugeuka.

"Kirunda ni kaka yangu kwa ukoo. Ulinioa kwa haraka zako, hukuuliza kitu."

"Na mtoto je, Kagoya?"

Mwiko ukasimama kidogo. "Sungura nitanunua mwingine. Ukoo nitanunua wapi?"

Nikabaki nimesimama, mtoto mkono huu, panga mkono huu. Mtoto sikutaka kumshusha, na panga sikujua nimuelekezee nani.

Leo nimestaafu, niko huku kwetu Nkoma, Mbale. Kagoya bado ananipikia, na mimi kila siri yangu bado nahesabu nani anaijua.

Vijana, kabla ya kuoa msiulize tu kama anajua kupika. Ulizeni ukoo wake hauui nini. Mnyama wa nje utamzibia kila tundu, lakini wa ndani ndiye uliyemwonyesha waya ulipo.