Hongo ya Maji

Tuliokuwepo siku ile ni hawa. Mimi. Wifi yangu wa Mtendeni, dada wa marehemu mume wangu. Mjukuu wangu wa kike, mtoto wa binti yangu wa tatu. Katibu wa klabu yetu, ambaye alipozaliwa nilimpokea kwa mikono hii. Mzee mmoja Mgogo, mtunza jezi wa timu ya wageni kutoka Dodoma. Na kamisaa wa mchezo, msimamizi aliyetumwa na ligi, ambaye hakuwa ndugu wa mtu. Majina yao nayajua yote, mpaka ya baba zao, lakini siyataji. Neno moja tu limeshanitia hatiani.

Ulikuwa msimu wetu wa kwanza Ligi Kuu. Timu hii nimekaa nayo tangu inacheza ligi ya wilaya, watazamaji tunatosha kwenye mkeka mmoja. Nafasi yangu ni ileile, karibu na mlango wa wachezaji.

Wageni waliposhuka kwenye basi nikamwona yule mzee na begi la jezi begani. Sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara. Babu zetu walipita Ugogo na mizigo wakienda pwani, na wenyeji wakawatoza hongo ndipo wanywe maji. Hongo wakati huo ilikuwa ushuru wa njia. Basi nikampigia kelele, "Wewe Mgogo, hongo mliyozoea kula, leo mtaitapika hapahapa."

Akatua begi. "Bibi kizee, mpagazi gani anakaa? Beba hili."

"Nibebe nguo za watu waliofungwa?"

"Za kufungwa ni zenu, subiri jioni."

Wifi alicheka mpaka akashika mbavu. Kamisaa hakucheka. Alisikia hongo, akaandika. Mpira haujaanza, katibu akaja na walinzi wawili.

"Shikamoo bibi. Umesema wageni wamekula hongo?"

"Marahaba. Nimesema. Hata babu yako alilipa."

"Klabu itaadhibiwa, bibi. Naomba utoke."

Mtu niliyemkata kitovu ananionyesha geti.

Nikakaa nje ya ukuta na mjukuu wangu, tunasikia shangwe bila kujua ni za nani. Mapumziko yule Mgogo akatoka kunitafuta, chupa ya maji mkononi.

"Kunywa. Leo bure."

"Umewaambia ni utani?"

"Nimewaambia. Kamisaa ameuliza kama tuna barua ya huo utani."

Hapo hatukucheka.

Wiki iliyofuata katibu akaleta karatasi kwangu Gongoni. Mjukuu akanisomea: nakiri nilidanganya kwamba wageni walikula rushwa, naomba radhi. Nikiweka dole gumba, narudi nafasi yangu. Nisipoweka, nisionekane uwanjani.

Nimeishia darasa la nne, lakini uongo ulioandikwa naujua. Rushwa sikuitamka. Na mtani wangu nikimwomba radhi, nimemwambia si mtani tena. Sikuweka dole. Timu imemaliza msimu na kubaki Ligi Kuu, mimi nikiisikiliza nyuma ya ukuta kama mwizi, na kwenye nafasi yangu wameweka kiti cha plastiki cha mgeni rasmi.

Karatasi ninayo, pa dole bado peupe. Kama yupo aliyenisikia siku ile nikisema rushwa, aje aniambie usoni. Wino upo mezani.