Bunduki Niliyoinunua Kabla ya Unga

Ipo siku moja ninayoikumbuka kwa hasira, mwanangu, na hasira hiyo haijapungua hata baada ya kurudi nyumbani na kujenga. Naiandika kwa sababu wiki hii umenitumia picha za bunduki tatu kutoka huko Columbus, Marekani, ukaniuliza, "Mzee, nichukue ipi ili niwe tayari kwa lolote?" Hukusalimia. Hukusema kama mkeo hajambo. Bunduki tu! Basi kaa usome mpaka mwisho.

Mimi si mtu wa kubabaishwa. Nilikwenda Marekani na diploma yangu ya umeme, nikaanza kwa kupakua makasha ghalani Louisville, nikaishia kuwa na nyumba yangu mwenyewe mtaa wa Black Rock, kule Buffalo. Niliinunua mbovu, nikafunga nyaya zote kwa mikono hii. Hakuna aliyenishika mkono. Hata nyumba hii ya Morogoro, yenye geti uliloliona, imetoka kwenye jasho hilo. Nasema haya ili ujue kwamba ujinga ninaokusimulia haukufanywa na mjinga.

Nilikuwa nakaribia arobaini, ila kichwa bado cha kijana. Louisville nilifanya kazi na watu waliozungumzia kila siku jinsi umeme utakavyokatika nchi nzima na maduka kubaki matupu. Mtu ajitegemee, walisema: alime, awinde, alinde nyumba yake. Nikasadiki. Nikaingia duka la bunduki kama mtu anayechagua suti ya harusi. Muuzaji hakuniuliza nitawinda mnyama gani, wala nyumbani kwangu huingia nani. Aliniuliza napenda rangi gani. Nami, mwenye diploma, nikajibu: nyeusi. Nikatoka na shotigani na maboksi manane ya risasi. Nilipohamia Buffalo nikaiweka chini ya kitanda. Nilikuwa naishi peke yangu, nani angeigusa?

Majira yangu ya pili ya baridi kule, theluji ilianguka siku tatu mfululizo, barabara zikafungwa. Jirani yangu alikuwa Mzee Byamungu, Mkongo wa Kivu, na mtambo wa kupasha joto nyumba yao ukazima. Mchana wakaja kwangu: yeye, mkewe Mama Furaha, mkwe wao na wajukuu wanne, wakiburuta mfuko wa unga na sufuria ya sombe, kisamvu chao, juu ya theluji. Niliwapokea kama tulivyolelewa. Mzee halazwi sebuleni. Niliwapa chumba changu na kitanda changu, nikatandika shuka safi, nikajisifu moyoni kwa adabu zangu. Na chini ya shuka hizo safi, mwanangu, nilikuwa nimeliacha lile dude.

Tulikuwa tukisubiri ugali uive. Mzee akanyamaza katikati ya maneno, akainua kidole. Chumbani kulisikika chuma kikikwaruza sakafu. Sisi wengine tulidhani ni mchezo wa watoto. Yeye aliijua sauti hiyo. Aliinuka bila kukimbia, nami nikamfuata. Neema, mjukuu wa miaka mitano, alikuwa ameketi chini na bunduki mapajani, mtutu ukimwelekea mdogo wake aliyelala kitandani.

"Neema," Mzee akasema kwa kubembeleza, "acha iyo. Kuya apa kwa koko. Kuya, mama."

Mtoto akaiacha, akamwendea babu yake. Ndipo Mzee aliponigeukia.

"Iko na masasi?"

"Haina risasi, Mzee. Nakuapia."

"Fungua."

Nikafungua. Risasi moja nyekundu ikadondoka, ikabiringika hadi mguuni pake.

"Sisi tulikimbia hii kitu kwa miguu," alisema. "Wewe unatulalisha juu yake! Uliogopa nani?"

"Nilijiandaa kwa dharura, Mzee."

"Bon. Dharura njo hii. Enda basi upige ile theluji masasi, ikimbie! Unga yako iko wapi? Mishumaa? Wewe injinia, bibi yangu mzee njo anakulisha!"

Mkwe wake akacheka bila kupenda. Mimi nilifura. Nitukanwe ndani ya nyumba yangu, na mtu ambaye hata sikujua aliishia darasa la ngapi? Nilifungua mdomo nimwambie hivyo, lakini yeye alikuwa amekwisha kuwageukia wajukuu. "Vaeni makoti." Aliona afadhali awarudishe kwenye nyumba yenye barafu kuliko walale kwangu. Mama Furaha akaanza kumfunga Neema skafu, hanitazami.

Hapo nikayameza maneno yangu. Nikang'oa mtutu, nikaufungia kwenye sanduku la chuma la vifaa vyangu vya kazi. Risasi zote nikamkabidhi Mama Furaha, ufunguo nikamwekea Mzee kiganjani. Aliutia mfukoni. Kisha akasema, "Vueni." Hakula nami siku hiyo. Nikachukua bisibisi na tochi, nikaenda kutengeneza mtambo wao, nikilia kwa kujikasirikia mwenyewe.

Sikukatazi bunduki. Anayeishi mbali na watu, anayewinda ili ale, achague chombo kinacholingana na mnyama wake, kwa kibali na kwa mafunzo. Lakini wewe unaishi ghorofa ya pili, na kila Jumapili nyumba yako inajaa watoto wa watu! Kabla ya kuniuliza ipi, niambie itafanya kazi gani, itafungiwa wapi na ufunguo atakaa nao nani. Ukishindwa kujibu, hata ya maji hustahili. Kanunue kwanza unga, maji, tochi na blanketi, umjue jirani atakayekufungulia mlango. Kabati la kufuli liingie nyumbani kabla ya bunduki. Na usiape kwamba haina risasi, fungua uone.

Nenda, mwanangu. Mungu akulinde na akili zako mwenyewe, akujalie nyumba yenye joto na wageni wengi, na kila mtoto atakayelala kitandani mwako aamke salama.