Vidole Viwili vya Mpira

Usingizi ulinikataa kwa sababu ya vidole viwili. Mpira wa fimbo ulirefuka kwa upana huo mikononi mwangu, na sikujua kama ni hivyo viwili vilivyofika kwenye jicho la yule msichana.

Shule yetu hapa Bunia haina springi hata moja. Nilipofika, katika fizikia, kufundisha jinsi vitu vinavyorefuka vikivutwa, niliazima fimbo ya mkuu wa nidhamu: mkanda uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa pikipiki. Tuliufunga dirishani, tukatundika chupa za mchanga moja moja. Msichana mmoja, ambaye familia yake ilikimbia vita kule Djugu na sasa inaishi kwa ndugu mtaani Bigo, ndiye aliyeshika rula. Kila chupa iliongeza urefu uleule, mpaka ya sita. Hapo mpira ukalegea. Tulipozitoa zote, ulibaki mrefu zaidi kwa vidole viwili. Niliandika ubaoni: kitu kikivutwa kupita kiasi, hakirudi.

"Prof, mupira inachoka kutupiga," mmoja akasema kutoka nyuma. Tulicheka wote.

Nikaurudisha kwa mkuu.

Kesho yake waliochelewa walipiga magoti mlangoni. Mkuu wa nidhamu aliwachapa mgongoni, mmoja baada ya mwingine. Msichana yule wa rula, aliyecheleweshwa na kuchota maji, alikuwa wa mwisho. Ncha ilizunguka bega ikampasua chini ya jicho. Damu ikadondokea blauzi nyeupe. Pigo la pili lilikuja kabla sijafungua kinywa. Sikukifungua.

"Prof, fizike yako iko muzuri," mkuu aliniambia akiufuta mpira. "Sasa inafika mbali."

Siku tatu nilipiga hesabu: upana wa bega, urefu wa mkono, vidole viwili. Labda angeumia hata bila hivyo viwili. Siku ya nne niligundua kwamba nilikuwa natafuta jibu litakaloniruhusu kunyamaza.

"Somo haijaisha, mukubwa," nilimwambia. "Leta fimbo, na weye mwenyewe ukuje uone."

Tuliufunga tena dirishani; msichana, jicho bado limevimba, alitundika zile chupa sita, ya saba, kisha ya nane. Kwa ya tisa mpira ulikatika. Chupa zilianguka kwa kishindo, ncha ikanichapa shavu.

"Nitakata ingine," mkuu akasema.

"Basi utaanza na miye. Mwenye alirefusha ile ni miye."

Asubuhi nilifika kabla ya wote, nikapiga magoti mlangoni.