Picha ya Mkulima

Tangu mzee alipofariki, hati ya shamba lake ilibaki kwa binti yake, fundi cherehani wa sare za shule mwenye kibanda chake mjini. Jembe lilibaki kwa wifi yake, mjane wa kaka yake. Mpango huo haukumkera mtu mpaka serikali ilipotangaza ruzuku kwa wakulima. Wale wanaopanga mambo ya shamba wakiwa ofisini, mbali na tope, waliamua kwamba mkulima ni mwenye hati. Basi fedha za msimu wa kwanza ziliingia kwenye simu ya fundi. Alinunua cherehani ya umeme, akamshonea wifi yake gauni la kitambaa cha sare kilichobaki. Wifi alimshukuru kwa moyo mweupe, na shukrani hiyo ilimkosesha fundi raha kuliko lawama yoyote.

Msimu wa pili ulikuja na sharti jipya: bwana shamba atapita kila shamba na kumpiga picha mpokeaji akiwa katikati ya mazao yake. Fundi alifika asubuhi na viatu vya kisigino. Wifi yake alimtazama chini hadi juu, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Wifi, hivyo ni vya harusini. Mahindi yatadhani umekuja kuyaposa."

"Nicheke tu, ukimaliza uniazime mabuti."

"Haya. Na jembe lishike chini kidogo, usilibebe kama mwamvuli."

Bwana shamba, mtu mzima mwenye miwani, aliegesha pikipiki, akatoa simu yake. Kabla ya kupiga picha aliuliza swali aliloagizwa kumuuliza kila mmoja.

"Mama, unalima mwenyewe? Kama yupo anayekulimia, ukiridhia tu namwandikisha yeye, fedha zimfikie moja kwa moja. Si niliwaeleza mkutanoni mwaka jana?"

Aliwaeleza kweli. Fundi alikuwa ameketi safu ya mbele, na aliporudi nyumbani alimwambia wifi yake kwamba mkutano ulihusu mbolea.

"Nalima mwenyewe," alisema.

"Na yule pale?"

Wifi alikuwa amejitenga kando, miguu mitupu, asije akaingia kwenye picha.

"Kibarua wangu."

Neno lilimtoka kirahisi, kama mtu aliyelifanyia mazoezi. Picha ikapigwa. Wifi hakukanusha, alingoja bwana shamba aende kwenye pikipiki yake, ndipo akasogea.

"Kwa hiyo mkutano haukuwa wa mbolea."

Fundi aliinama kufuta tope kwenye mabuti.

"Kibarua hulipwa, wifi. Mimi miaka yote nimelima bure kwa sababu ni wa nyumbani. Sasa niambie, mimi ni yupi?"

Hakupaza sauti. Laiti angefoka, fundi angepata la kumjibu. Mahindi yale mazuri, yaliyopaliliwa yakapaliliwa tena, hakujua hata yalipandwa lini. Akamfuata bwana shamba mbiombio, akamkuta anavaa kofia.

"Ifute hiyo picha. Nimekudanganya. Anayelima ni yule, mke wa marehemu kaka yangu. Mwandikishe yeye."

Bwana shamba alitoa tena simu yake.

"Tangu asubuhi, mama, kila mwenye hati ana kibarua. Wewe ndiye wa kwanza kunifuata." Akavua kofia. "Mwite."

Fundi akaita. Wifi alikuwa ameshainama shambani, aking'oa magugu kwa mikono, kwa kuwa jembe lake lilikuwa bado mkononi mwa fundi. Hakuinua kichwa.

"Namalizia tuta hili. Asubiri. Na ya mwaka jana, wifi, tutayazungumza. Yote."

Bwana shamba akaketi juu ya pikipiki. Fundi alibaki amesimama juani kando yake, na hakuthubutu kumhimiza wifi yake.