Vichupa Viwili vya Damu ya Profesa Bahgat

Shahinaz Abu Zeid alikuwa mtu wa takwimu, na dharau hakuificha. Katika maabara ya chuo kikuu huko Mansoura, Misri, walimwita kazi ikiwa imekwisha, aje kuipaka rangi tu. Profesa Bahgat, aliyetia piko nywele zake zikawa nyeusi kuliko za wanawe, alikuwa ameshatangaza ushindi: programu yake ya kompyuta, ikisomeshwa protini za damu, ilitenganisha wagonjwa wa saratani ya ini na watu wenye afya bila kukosea. Keki ya basbusa ya sherehe ilikuwa imeshaliwa.

“Haikosei hata mara moja?” Shahinaz aliuliza. “Hata mizani ya muuza nyama hukosea, Profesa.”

“Wivu huo, binti.”

Akazichambua zile protini, akacheka peke yake. Zilizoongoza katika kuwatenganisha watu ni zile zinazomwagika seli nyekundu zinapopasuka. Wagonjwa walitolewa damu vijijini, vichupa vikapikwa na joto garini mpaka mjini, seli zikapasuka. Wazima walikuwa wanafunzi wa hapohapo chuoni, damu yao ikagandishwa papo hapo. Kompyuta ilikuwa imejifunza kutambua joto, si saratani, basi.

Alipoeleza kikaoni, Bahgat alimkatiza. “Wewe na hesabu zako! Nitatoa damu mimi mwenyewe, uone.”

“Toa.”

Akakunja mkono wa shati kwa mbwembwe. Shahinaz akaigawa damu ile: kichupa kimoja kikagandishwa, cha pili kikaachwa dirishani mpaka alasiri. Majibu yakatoka. Cha kwanza, mzima. Cha pili, saratani.

Bahgat aliingia msalani, akatoka uso umelowa, akamvuta Shahinaz pembeni. “Niambie kweli. Naumwa?”

“Huumwi. Damu ni yako ileile, ila nyingine ilikaa juani.”

Hakumwamini, siku hiyohiyo alikwenda kupigwa picha ya ini. Hofu ilipomtoka, alifuta jina la Shahinaz kwenye makala ya utafiti ule na kuichapisha kama ilivyokuwa. Maabara nyingine zilipojaribu njia yake, ziliambulia patupu. Yeye akahamia redioni kushauri watu kuhusu lishe.

Shahinaz alikusanya damu upya, wagonjwa na majirani zao wazima wakitolewa pamoja, vichupa vikisafiri kwenye barafu moja. Protini moja tu ndiyo iliyosimama, tena kinyonge, ikiwakosa wagonjwa wengi. Akaiandika hivyohivyo.

Siku moja Bahgat alipita chuoni, akakutana naye koridoni. “Kazi yote hiyo, protini moja?”

“Moja ya kweli,” alisema Shahinaz, akaendelea kutafuna taamiya yake, kile kitafunwa cha maharage.