Matairi ya Theluji Pwani ya Hail

Nikikusimulieni jambo hili naomba mnistahi kidogo, maana hata leo nikikutana na mtu wa Hail, kule pwani ya Oman, wa umri wangu, huinama kwanza akatazama magurudumu ya gari yangu kabla hajanipa mkono, na mimi hujifanya sikuona. Aibu yenyewe ni yangu, sikusingiziwa na mtu. Niliitengeneza kwa mikono yangu miwili na nikailipia mafuta.

Ilikuwa mwaka wa sitini na nane. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Unguja, nimekuja Oman na mama yangu baada ya mambo ya kule kuharibika, na kazi niliyoipata ni udereva kwa Mzee Rashid, muuza vitambaa wa Matrah, mmoja katika wale wachache waliokuwa na ruhusa ya Sultani ya kuwa na gari siku hizo. Gari yenyewe ya kijani, nyuma turubai, na nilikuwa nikiifuta vumbi zaidi kuliko nilivyokuwa nikiosha uso wangu. Unguja niliendesha gari ya mizigo baina ya mjini na Chwaka, lami mwanzo mwisho, kwa hivyo nilijiona dereva khasa. Kumbe nilikuwa dereva wa lami, na Oman ya wakati ule lami ungeitafuta kwa tochi.

Mzee Rashid alikuwa na binti mmoja, Raya, aliyeolewa Hail na kijana akiitwa Hamed. Mimba ya kwanza ilimharibikia, masikini, na hii ya pili baba yake alikula kiapo kwamba siku zikifika atapelekewa Bi Zuena, mkunga wetu wa Kiunguja aliyekuwa akikaa Matrah, mwanamke mnene, mwenye mikono myepesi na ulimi mkali. Sasa matairi ya gari yalikuwa yamekwisha, yamekuwa kama kipara changu cha leo, na mzee akaniita dukani akaniambia, "Khamis, nenda ukachague matairi mapya. Chagua wewe, wewe ndiye dereva."

Neno hilo ndilo lililoniponza. Wewe ndiye dereva!

Nikaenda kwa Mhindi mmoja mpole aliyekuwa akiuza vipuri nyuma ya soko. Akanitolea aina mbili. Ya kwanza mapana, laini, na michirizi midogomidogo tu, akasema madereva wanaokwenda jangwani huchukua haya. Ya pili, ee bwana wee, yalikuwa na meno! Meno marefu ya mamba, na karatasi iliyogandishwa juu yake ina picha ya gari inapanda mlima mweupe pepepe.

"Haya yaliingia kwenye mzigo kwa makosa," akasema yule Mhindi. "Ni ya nchi za baridi. Ya theluji."

"Theluji ni laini?" nikamuuliza.

"Nasikia laini."

"Na gari huzama humo?"

"Huzama."

"Na mchanga je? Si laini? Si gari huzama?"

Akajikuna sikio. Nikaona nimeshamshinda kwa hoja, wakati mwenzangu alikuwa akitafuta namna ya kuniambia ukweli bila ya kunivunjia heshima. Nikachukua yenye meno. Nikayafunga siku ile ile, na kwa wiki nzima nikipita sokoni nakwenda polepole kwa makusudi, ili watu wayaone.

Siku ikafika. Tumetoka kusali alfajiri, mtu akaja kutoka Hail na habari kwamba Raya ameshikwa na uchungu tangu jana magharibi na mtoto hajasogea. Mzee Rashid uso ukamsawijika, akanishika bega, akasema, "Mfikishe Bi Zuena." Mimi badala ya kuondoka moja kwa moja nikasimama kwanza kuongeza upepo kwenye matairi, nikayajaza mpaka yakawa magumu kama ngoma iliyoanikwa (kwa akili yangu, tairi gumu ndilo lenye nguvu), nikavaa na miwani yangu myeusi. Kanzu nilikuwa nimeipiga pasi jana yake.

Njia zilikuwa mbili. Ya ndani ina mawe na mabonde, ndefu, na ya pili ni kushuka pwani maji yakiwa yamekupwa, ukapita juu ya mchanga mbichi, mgumu, umenyooka kama meza. Bi Zuena akasema, "Nipitishe njia ya ndani, mwanangu, mimi bahari siiamini."

"Bi Zuena," nikamwambia, "haya matairi hayana mfano Oman nzima."

Na wallahi mwanzo ilikuwa raha, gari inateleza, upepo mwanana, mimi naimba kimoyomoyo, mpaka tulipokaribia Hail yenyewe, maji yakaanza kurudi, yanalamba gurudumu la upande wa kulia, nami nikafanya lile ambalo mtu yeyote wa lami angefanya: nikakata usukani nikapanda juu, kwenye mchanga mkavu. Gari ikapiga hatua kama kumi hivi, ikaguna, ikasimama. Nikakanyaga mafuta. Ikashuka. Nikakanyaga zaidi. Ikashuka zaidi. Yale meno niliyoyapenda yalikuwa yanachimba kama majembe, na kila nikiongeza mafuta naongeza shimo, mpaka tumbo la gari likalala juu ya mchanga, na maji nyuma yetu yanakuja, hayana haraka wala hayana huruma.

Kwenye mitende wakatokea watu wa Hail, maana walikuwa wakitungojea. Hamed mwenyewe alikuwamo, na mbele yao baba yake, mzee wa heshima zake, kanzu nyeupe, kilemba, bakora mkononi. Hakuna aliyeuliza. Walikwenda moja kwa moja nyuma ya gari, wakaweka mabega, na mzee naye akaweka mkono wake, akasema, "Bismillahi, endesha!"

Nami nikaendesha. Nikakanyaga mafuta mpaka chini.

Nitasahau vipi mimi! Mchanga uliruka kama mvua, ukawapiga wote usoni, na ubaya zaidi, gurudumu la nyuma lilikuwa limekalia ukingo wa jamvi walikoanika dagaa (watu wa pale huwakausha kwa chakula cha ngamia), basi na dagaa nao wakaruka. Nilipogeuka kutazama niliona ndevu za baba yake Hamed zimekuwa za mchanga, na dagaa mmoja amekaa juu ya kilemba chake, ametulia, kama aliyewekwa pambo. Nikaruka chini kuomba radhi, mguu ukazama, nikaanguka kifudifudi mbele ya miguu yake, na ile miwani yangu myeusi ikavunjika chini ya kifua changu.

Bi Zuena akatoa kichwa kwenye turubai. "Wewe Khamis! Mimi nimeitwa kuzalisha, sikuitwa kuzikwa! Yule mtoto anakufa na wewe umelala?"

Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Aibu ilikuwa kubwa, lakini kichwani ilinijia sura ya Raya, ambaye nilikuwa nimempeleka mwenyewe Hail siku ya harusi yake, akinicheka kwa ninavyopiga honi ovyo. Kutoka pale mpaka nyumbani kwao kulikuwa na mwendo, na Bi Zuena hakuwa mtu wa kukimbia mchangani.

Ndipo akaja Bi Shamsa. Mwanamke wa makamo, amevaa barakoa ya uso, anamvuta punda, na dagaa wale walikuwa wake. Nikajua leo nitatukanwa Kiarabu. Akanisemesha Kiswahili cha Pemba, safi, maana alizaliwa Wete.

"Mkunga ndiye huyu?"

"Ndiye, mama."

"Basi mpandishe punda, unangoja nini?"

Tukampandisha, watu watatu, Bi Zuena anasoma shahada kwa sauti, na Hamed akamshika punda hatamu wakaondoka mbio. Nikabaki na gari, bahari na Bi Shamsa. Akazunguka gari mara moja, akagonga tairi kwa ngumi.

"Upepo umetoa?"

"Nimeongeza," nikasema.

"Umeongeza!" Akacheka mpaka akashika kiuno. "Mume wangu anawaendeshea watu wa mafuta huko jangwani, kila akija hana hadithi nyingine ila hii. Mchanga haupigwi, baba, mchanga unakanyagwa kwa adabu. Zima gari. Toa upepo, toa, mpaka tairi libonyee kama ngamia aliyepiga magoti."

Akanipa mwiba wa mtende, nikainama kwenye kila gurudumu nikabonyeza pale pa kujazia, na upepo ukatoka kwa mlio mrefu wa kunidhihaki. Watu wakachimba mchanga kwa mikono mbele ya magurudumu, wakatandika makuti. Wimbi la kwanza likafika kwenye bamba la nyuma. Bi Shamsa akawaambia wanaume wasikae nyuma tena, washike ubavuni ("Mmekula mchanga wa kutosha leo"), kisha akanisimamia dirishani kama mwalimu wa chuo cha Kurani.

"Tia gia ya pili. Achia klachi kidogo kidogo. Usikanyage, Khamis! Ukiona inazama, usipigane nayo. Rudi nyuma kidogo, uje tena. Na breki usiiguse."

Gari ikatikisika, ikapanda makuti, ikatambaa. Maji yalikuwa yameshafika kwenye kitovu cha gurudumu. Ikatambaa, ikatambaa, mpaka tukasimama kwenye ardhi ngumu chini ya mitende, na watu wakapiga takbiri kama tumerudi Hija.

Baba yake Hamed akaja, anakung'uta ndevu. Akayatazama matairi kwa utulivu. "Haya ni matairi gani, mwanangu?"

Ningeweza kudanganya. "Ya theluji, sheikh."

"Theluji," akasema. Kisha akainua uso akatazama mbinguni, na watu wote nao wakainua nyuso, na mbingu ilikuwa nyeupe kwa joto, hakuna hata wingu. "Iko wapi?"

Hapo walicheka, na mimi nikacheka nao huku machozi yananitoka, na tangu siku ile Hail nzima jina langu ni Bwana Theluji.

Bado tunacheka, vigelegele vikasikika kwa mbali kutoka nyumbani kwa Hamed. Mtoto wa kike. Alikuwa ametanguliza miguu, na Bi Zuena aliniambia baadaye, bila ya ukali hata kidogo, kwamba alimkuta Raya ameshakata tamaa ya kusukuma, na lau angechelewa kidogo tu asingekuwa na la kufanya. Mimi niliposikia vile vigelegele nilikwenda nyuma ya gari nikakaa chini. Sikuomba dua ndefu. Nilisema alhamdulillahi mpaka ulimi ukakauka.

Kisha ikabidi kuyajaza matairi upya, yote manne, kwa pampu ya mkono, jua la adhuhuri. Wale wale niliowarushia mchanga walipokezana pampu, mmoja akichoka mwingine anashika, hakuna aliyenikumbusha nilichowafanyia, na mama yake Hamed akatutolea kahawa na halua. Nimekaa kwenye meza za watu wakubwa baada ya hapo, sijakirimiwa vile.

Mzee Rashid nilimweleza yote, hata dagaa wa kilembani. Nikangoja nifukuzwe. Akaniuliza, "Raya mzima?" Nikasema mzima. "Mjukuu wangu mzima?" Mzima. "Basi gari ni chuma tu." Alipofika mlangoni akageuka, "Lakini hayo matairi utayaendesha mpaka yaishe." Hayakuchukua muda. Mpira wake ulikuwa laini, wa baridi, na mawe ya moto ya bonde la Ruwi, nyuma ya Matrah, yaliyang'oa meno moja moja, nikabaki naendesha kibogoyo.

Ijumaa iliyofuata nilirudi Hail na gunia la dagaa kumlipa Bi Shamsa. Akalikataa. Akasema mume wake miaka yote anaendesha gari za watu, yeye hajapata kupanda hata moja. Basi nikampandisha, na mama mkwe wake, na jirani zake wawili, nikatoa upepo kwenye matairi kabla hata hajaniambia, tukaenda mwanzo wa Hail mpaka mwisho wake na kurudi, kwa mwendo wa punda. Alikaa ameshika turubai kwa mikono miwili, na aliposhuka alinishukuru mimi. Mimi!

Nimeendesha miaka arubaini tangu hapo. Nikifika kwenye ardhi nisiyoijua nasimamisha gari, nashuka, naigusa kwa mkono, na nikimwona mtu wa pale, awe nani, namwamkia na kumuuliza nipite vipi. Wajukuu zangu huona haya, hujificha kwenye viti. Waone haya wakitaka. Mimi siondoki mpaka nijibiwe.