Saidi wa Komoro na Safari ya Musoma

Sisi tuliokaa watano kwenye dawati moja kule Machochwe, mpira wetu ulikuwa mifuko ya nailoni iliyofungwa kwa kamba ya katani. Ukilowa mvua ulikuwa mzito kama jiwe, na ukikupata tumboni uliacha alama ya kamba. Watoto wa leo wana njumu miguuni na bado wanalalamika kwamba uwanja una vumbi. Sisi vumbi tulilila, jioni tukalishushia kwa ugali wa muhogo na maziwa ya mgando.

Kwenye dawati letu alikuwepo Saidi. Baba yake alikuwa bwana mifugo kutoka Komoro, akaoa kwetu. Siku moja mwalimu wa Jiografia alituonyesha nchi hiyo kwenye ramani. Alipoweka kidole, nchi yote ikafunikwa. Tulicheka mpaka kengele ikagongwa. Saidi hakukasirika. Alingoja mapumziko, akatupiga chenga mmoja mmoja hadi tukakoma.

Mimi na yeye hatukujua kutulia. Tulichunga huku tunacheza, na mara mbili ng'ombe wa baba nusura wavuke mpaka wa hifadhi wakati sisi tunabishana kama lile lilikuwa goli au la. Mama alikuwa akisema nina siafu miguuni. Fimbo nilizokula nazijua mwenyewe.

Tulipomaliza darasa la saba, kocha mmoja wa Musoma alituona tukicheza Mugumu, akatuita wawili tu. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na ng'ombe watachungwa na nani?" Asubuhi ya safari Saidi alinipitia nyumbani, mfuko wake begani. Nikamwambia atangulie, nitakuja na basi la kesho. Nilijua siji.

Tukaanza kumfuatilia kwa redio. Alichezea Mwanza, akaenda Mombasa, akahama tena na tena, mpaka nchi ya baba yake ikamwita. Siku timu yao ilipokuja kucheza na yetu Dar es Salaam, nilizunguka uani na redio sikioni, kukaa siwezi, nikajikuta naiombea timu isiyo yetu. Walifungwa manne. Jina lake lilitajwa mara moja, tena limekosewa.

Alicheza miaka kadhaa hivyo, halafu goti likamkatalia.

Mwaka huu, baada ya mavuno, alikuja kuwaona ndugu wa mama yake. Alifika kwetu akichechemea, akamwamkia mama shikamoo, na mama hakuuachia mkono wake upesi. Tulipobaki wawili alinieleza kwamba miaka yote ile timu yao ilishinda mechi tatu. Baada ya ile ya kwanza alijifungia chooni akalia, maana hakuwa na mtu wa kumpigia simu anayejua alikotoka.

"Asubuhi ile nilikudanganya," nikamwambia.

"Nilijua," akasema. "Lakini nilikuwekea kiti mpaka Musoma."

Tangu aondoke sijatulia. Naingia ndani, natoka, mke wangu ananiuliza natafuta nini. Vijana wa leo wangetumiana ujumbe kabla basi halijatoka stendi, yakaisha palepale. Sisi ilibidi tuzeeke kwanza ndipo tuambiane.